Kongamano la Kipaza

Chuoni walimwita Kipaza, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Hakuweza kupita karibu na kipaza sauti bila kukigonga kwa kidole, kukipuliza na kusema "moja mbili, moja mbili", hata kama ukumbini hakuna mtu isipokuwa mfagiaji. Sauti alikuwa nayo, hilo hakuna aliyemnyima. Ilikuwa sauti nene, inayotetemeka kidogo mwishoni, sauti ambayo ingemfaa sana mtu mwenye jambo la kusema.

Alichotaka ni uchungaji. Kamati ya kanisa lake ilimwita, ikamhoji, ikamsikiliza mpaka ikapiga miayo, kisha ikampeleka kwenye mafunzo ya wahudumu wa elimu ya Kikristo na vijana. Ndivyo kanisa lile lilivyozoea: mtu wasiyejua wamfanye nini, humpa watoto. Kipaza alirudi nyumbani uso umemshuka, lakini kufikia saa ya kula alikuwa ameshajipanga upya.

"Ni kituo tu," alimwambia mkewe. "Mimi pale napita."

Mkewe alikuwa anakunja nguo. "Kwani hao watoto na vijana unawapenda?"

Kipaza alimkodolea macho kana kwamba ameulizwa iwapo anapenda mabomba ya maji. "Nina mzigo nao," alisema.

Mkewe akaendelea kukunja nguo. Alikuwa ameolewa na sauti ile muda wa kutosha kujua inaposema kitu na inapojisikiliza.

Darasa lao lilifundishwa na mwanamke mmoja mfupi, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba, ambaye wote walimwita Mama Mkufunzi. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Siku ya kwanza aliwakuta watu wazima kumi na kitu, wengine na vitambi, wengine na mikoba ya ngozi, akawaamuru waache meza zao na kwenda kukaa kwenye vile viti vidogo vya chumba cha watoto. Wakakaa, magoti yakiwafika kidevuni.

"Mtasomea hapa wiki nzima," alisema. "Mnachokiona sasa hivi ni magoti ya wenzenu na sehemu ya chini ya meza. Hicho ndicho mtoto anachokiona Jumapili yote, huku mtu mzima anaongea juu kule kama redio ya jirani."

Wengine waliandika. Kipaza alikaa upande upande ili suruali isijikunje, na moyoni akasema kwamba mwanamke huyu ana vituko.

Somo lililofuata lilimkera zaidi. Mama Mkufunzi alitaka kila mmoja asimame aeleze habari za kijana mmoja, mmoja tu, bila kumtaja jina: anaamka saa ngapi, anaogopa nini, nani akimpigia simu anapokea haraka. Dada mmoja alieleza habari za mdogo wake aliyeacha kuongea baada ya kufeli. Mwingine alieleza habari za kinyozi wa mtaani kwake. Zamu ya Kipaza ilipofika, alisimama, akafunga kifungo cha koti, akakohoa.

"Kijana wa leo," alianza, "yuko njia panda."

"Yupi?" aliuliza Mama Mkufunzi.

"Kijana kwa ujumla, Mama."

"Kijana kwa ujumla hana mama, hajawahi kuumwa jino, wala hakuna anayemdai chochote. Huyo simjui. Nimekuuliza wa kwako."

Darasa likacheka. Kipaza naye akacheka ili kuonyesha kwamba hakuumia, kisha akakaa na kukosa usingizi siku mbili kwa hasira. Mwanamke yule, alijiambia, hajawahi kusimama mbele ya watu elfu moja. Yeye pia hakuwa amewahi, lakini alijiona kama ameshasimama, na kwake hayo mawili yalikuwa karibu kitu kimoja.

Muda wa mazoezi ulipofika, alipangiwa usharika mmoja pembeni ya mji, wenye kanisa la matofali yasiyopigwa lipu na ukumbi mrefu wa bati. Mchungaji wa pale alikuwa mzee mpole aliyebakiza kidogo kustaafu, na ombi lake kubwa kwa Mungu lilikuwa asisumbuliwe. Alimpokea Kipaza kwa mikono miwili, akamkabidhi vijana wote kama mtu anayetua gunia la mkaa.

Vijana wenyewe hawakuwa wengi, lakini walikuwa watu. Kiongozi wao alikuwa msichana mwenye saluni ndogo barabarani, ambaye kila mtu alimwita Msusi. Alikuwa mwepesi wa maneno na mzito wa kusahau. Mkono wake wa kulia alikuwa kijana mmoja fundi umeme, mrefu kiasi cha kuinama akiingia mlangoni, aliyeimba sauti ya chini kwenye kwaya. Yeye waliishia kumwita Mrefu, maana hakuna aliyekuwa na haja ya kufikiria zaidi. Jumatano jioni walikuwa wanakutana ukumbini, wanasoma kidogo, wanaimba kidogo, halafu wanakaa kuzungumza habari za kazi, za wazazi, za nani kaachwa na nani.

Kipaza alihudhuria Jumatano moja. Alikaa, akasikiliza binti mmoja akieleza jinsi baba yake wa kambo anavyomtazama, na wakati wenzake wamenyamaza na Msusi amemshika mkono, yeye alikuwa anahesabu taa za ukumbi na kujiuliza kama umeme wa pale ungebeba spika kubwa.

Binti alipomaliza, Kipaza alisimama.

"Nimepata maono," alisema. "Hapa patafanyika kongamano."

Wakatazamana. Msusi aliuliza, kwa adabu, "Kongamano la nini, mtumishi?"

"La vijana."

"La kufanya nini?"

"Kuwaamsha."

"Hatujalala," alisema Mrefu, na wenzake wakacheka. Kipaza aliandika moyoni kwamba huyu ana kiburi.

Tangu siku ile Jumatano zikafa. Mahali pa mazungumzo pakawa na kamati: kamati ya jukwaa, kamati ya mapambo, kamati ya mapokezi ya wageni. Vijana waliotoka kazini na uchovu wao walikuja kupanga viti, kisha kuvipangua, kwa sababu Kipaza aliona havikai kwa heshima. Yule binti wa baba wa kambo alikuja mara ya kwanza, akapewa kazi ya kukata karatasi za rangi, wala hakuja tena. Kipaza hakugundua. Alikuwa na shughuli za simu: anampigia mtu wa spika, mtu wa picha, mtu wa bango. Alimwalika mkuu wa chuo, akamwalika askofu, akamwalika na Mama Mkufunzi kwa sababu kanuni zilimlazimu, kwani ndiye aliyepaswa kuja kumpima.

Bango lilipokuja lilikuwa na urefu wa kutandika ukumbi. Upande mmoja maandishi makubwa ya dhahabu, VIJANA AMKENI, na upande wa pili picha ya Kipaza mwenyewe kuanzia kifuani, kidole kimeelekezwa juu. Msusi aliitazama kwa muda mrefu.

"Hapa hakuna kijana hata mmoja," alisema.

"Wamo kwenye maneno," Kipaza alimjibu.

Ijumaa mchana, siku moja kabla, bango lilikuwa bado sakafuni. Kipaza alimwita Mrefu, akamwonyesha boriti ya juu kabisa pale mbele. Ngazi ya ukumbi ilikuwa ya mbao, ya zamani kuliko mchungaji. Mrefu aliitikisa, akapitisha mkono kwenye vidato vyake.

"Mtumishi, hivi viwili vya juu vimeoza. Nina ngazi ya chuma kwa bosi wangu, lakini italetwa na gari kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi askofu yuko njiani."

"Basi tulifunge chini kidogo, nafika nikisimama kwenye kiti."

Kipaza aliona picha yake ikining'inia usawa wa meza. "Chini halitaonekana. Kijana wangu, kazi ya Bwana haifanywi kwa woga. Panda kwa imani."

Mrefu hakujibu. Kipaza alitazama saa, akakumbuka kwamba suti yake iko kwa fundi cherehani, akaondoka.

Kwa fundi alikaa hadi jioni, kwa sababu mabega hayakumkaa vizuri. Akiwa mbele ya kioo, simu yake iliita mfukoni. Ilikuwa namba ya Msusi. Akaiacha. Ikaita tena, na tena. Kipaza alijua shida za Msusi: vitambaa vya meza, maua, nani akae wapi. Alizima mlio, akamwambia fundi apunguze kidogo kiunoni, na usiku akalala mapema ili sauti isiharibike.

Jumamosi asubuhi aliingia ukumbini akinusa manukato yake mwenyewe. Spika zilikuwepo. Viti vilikuwepo, safu kwa safu, kila kimoja na utepe wake. Bango lilikuwa limefungwa upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa umening'inia hadi sakafuni, na picha yake imejikunja shingoni. Ngazi haikuwepo. Kwenye viti vya mbele walikaa wazee wa kanisa, mchungaji, wake wa wazee, mkuu wa chuo na Mama Mkufunzi na miwani yake. Askofu alikuwa ametuma msaidizi. Nyuma yao palikuwa na safu baada ya safu za tepe.

"Vijana wako wapi?" mkuu wa chuo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wanakuja. Vijana wa leo hawajui saa."

Walisubiri. Mtu wa spika alicheza nyimbo zake zote, akazirudia. Mchungaji alisinzia, akaamka, akatabasamu kwa kila mtu. Mwishowe msaidizi wa askofu aliangalia saa yake waziwazi, na Kipaza akaona hana njia. Alipanda jukwaani, akagonga kipaza sauti, akakipuliza.

"Wapendwa," alisema, na mtetemo ukaja wenyewe, "mnajionea. Hiki ndicho kizazi tulichonacho. Jana hapa nilimwachia kijana mmoja kazi ndogo sana, ya kufunga bango. Tazameni! Ameliacha nusu, akaenda zake kustarehe. Hakuniaga, hakunipigia. Kijana wa leo hana msimamo, hana uchungu na nyumba ya Bwana..."

Aliongea hivyo kwa kitambo, na kwa kweli aliongea vizuri kuliko siku zote. Wazee walitikisa vichwa. Mke wa mzee mmoja alifuta jicho. Hapo ndipo mlango wa pembeni ulipofunguliwa na Msusi akaingia, na nguo zile zile za jana, magoti yana vumbi, na begani amebeba koti la mtu mrefu.

Hakupaza sauti. Spika zilikuwa zinanguruma, lakini Kipaza alinyamaza ili amkemee, na kwa hiyo kila mtu akasikia.

"Alidondoka, mtumishi. Kidato kilikatika. Mfupa wa paja umevunjika, na nyonga imepasuka. Tulimbeba kwenye mlango wa stoo kwa sababu hatukuwa na kitu kingine. Mchungaji alikuwa amezima simu. Nilikupigia simu tangu yuko hapo sakafuni."

Kipaza alifungua mdomo. Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, kikautangazia ukumbi mzima jinsi alivyomeza mate.

"Simu..." alisema. "Nilikuwa kwenye maandalizi."

"Vijana wako hospitali," Msusi alimwambia mkuu wa chuo, kwa kuwa alimwona ni mtu mzima wa karibu. "Wote. Nimekuja kuchukua mablanketi ya ofisini." Akayachukua, akatoka.

Mama Mkufunzi alivaa miwani yake, akaivua, akasimama. "Shuka," alimwambia Kipaza. "Tunakwenda."

"Mama, ratiba..."

"Shuka hapo."

Akashuka. Walikwenda kwa gari la chuo. Kipaza alikuwa anajisikia vibaya, na ni haki kusema hivyo. Ila alipochunguza vizuri ubaya ule, sehemu yake kubwa ilikuwa ni namna alivyoonekana pale jukwaani. Alikuwa ameshaanza kutafuta maneno ya kuweka sawa. Alipata kadhaa mazuri.

Vijana walikuwa wamejaa kwenye benchi za nje ya wodi, wengine wamekaa chini, wengine wamelala wamegeuziana migongo. Yule binti wa baba wa kambo alikuwepo, anagawa chai kwenye vikombe vya plastiki. Walimwona Kipaza, na hakuna aliyenyanyuka. Suti yake mpya ilipita katikati yao kama jeneza.

Ndani, Mrefu alikuwa amelazwa mguu umevutwa juu kwa kamba na uzito, miguu yote miwili imezidi kitanda. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Mama yake alikaa kwenye dumu la maji, kanga imemdondoka begani, haangalii popote.

Kipaza hakujua la kufanya, kwa hiyo akafanya analolijua. Aliinua mkono na kuanza kuomba, kwa ile sauti ya ukumbini, na wodi nzima ikageuza shingo. Mtoto wa kitanda cha pili akaanza kulia.

"Kaka," alisema muuguzi, "hapa siyo uwanja wa mpira."

Kipaza akanyamaza katikati ya sentensi. Mama wa Mrefu alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Wewe ndiye wa kwenye bango?"

"Ndiyo, mama. Poleni sana. Haya ni majaribu. Mungu ana makusudi yake."

"Mungu hakuwa pale ukumbini kumwambia apande ngazi mbovu," alisema yule mama, taratibu. "Aliyemwambia ni wewe. Mwanangu hajui kumkatalia mtu wa kanisani, nilimlea hivyo. Sasa nataka unieleze, wewe, siyo Mungu."

Kila neno zuri alilolipata garini likamkimbia. Alimtazama Mama Mkufunzi, ambaye alikuwa anatazama dirisha. Alimtazama Mrefu, na Mrefu akafumba macho, siyo kwa hasira bali kwa uchovu, na hilo lilimuuma zaidi. Palikuwa na nafasi pale ya kusema neno moja, na watu wote wa chumba kile walimngoja alitoe. Mwishowe akasema, "Samahani kwa yaliyotokea," kana kwamba yalijitokea yenyewe kama mvua, akatoka nje kupokea simu ya mtu wa spika.

Mama Mkufunzi alimfuata kwenye korido akangoja amalize.

"Nimekufelisha," alisema. "Lakini sitakufukuza. Rudi kwenye usharika ule muhula mmoja zaidi. Hutahubiri. Utakuja hapa kila siku, utamnawisha yule kijana, utamlisha, utamsaidia mama yake kupumzika. Akikutukana, utasikiliza. Ukimaliza, uje uniambie anaogopa nini. Hapo nitakupa alama zote unazotaka."

"Mama, mimi nimesomea huduma. Siyo uuguzi."

Alimwangalia kama mtu anayetazama maziwa yaliyokatika. "Haya," alisema, akarudi wodini, akampokea yule mama kikombe.

Kipaza hakwenda kumnawisha mtu. Alikwenda kwa mkuu wa chuo. Ikawa bahati kwamba mtu wa picha alikuwa fundi kweli kweli: alipiga wazee wa mbele kwa karibu, akapiga Kipaza na kidole juu, akapiga vile viti kwa pembe fulani mpaka tepe zikaonekana kama umati uliovaa sare. Askofu alizitazama picha hizo ofisini kwake, akasema kijana huyu ana kitu. Mkuu wa chuo, ambaye alikuwepo na aliona kwa macho yake viti vitupu, alisema ndiyo, ana kitu. Mama Mkufunzi aliitwa, akaombwa aangalie suala kwa upana, akasema ameliangalia kwa urefu wa kitanda cha hospitali na limemtosha. Alama zikatolewa na mtu mwingine. Siku ya mahafali, Kipaza alitoa neno la shukrani kwa niaba ya wenzake, na wenzake hawakumtuma.

Aliteuliwa mkurugenzi wa vijana wa jimbo zima. Alipata ofisi yenye pazia na gari la kumpeleka mikutanoni. Mkewe alimpa hongera kwa mkono, kama wafanyavyo watu wa ofisini, na tangu siku hiyo akizungumza habari zake alimwita "mkurugenzi", wala hakuna aliyeweza kusema kama ni heshima.

Miezi ilipita. Siku moja ziara ilimpitisha karibu na usharika ule, na mchungaji mpole akamwambia kwamba vijana siku hizi hawaji ukumbini, wanakutana saluni kwa Msusi, Jumatano, na kwamba wamekuwa wengi ajabu. Kipaza alishtuka. Alijiambia kwamba ni wajibu wake kwenda kuliangalia jambo hilo. Ukweli ni kwamba alitaka wamwone.

Saluni ilikuwa imejaa. Walikaa kwenye viti vya wateja, kwenye mikeka, kwenye ngazi za mlangoni. Msusi alikuwa anamsuka mtu huku anasikiliza. Mrefu alikuwepo, mguu mmoja umenyooshwa, fimbo imeegemea ukutani. Mguu ule haukurudia urefu wake wala hautaurudia. Mama Mkufunzi naye alikuwa pale, kwenye kigoda, na wanafunzi wake wapya wawili ambao hawakuwa wanasema chochote.

"Karibu, mtumishi," alisema Msusi, bila kuacha kusuka. "Sogea sogea hapo, utapata pa kukaa."

Kipaza alisogea. Akapata nusu ya benchi, chini ya kile chombo cha kukaushia nywele, kichwa amekiinamisha ili kisimguse. Alingoja atambulishwe. Kijana mmoja alikuwa anaeleza habari za bosi wake anayemtaka aandike uongo kazini, na watu walikuwa wanamuuliza maswali, moja moja, bila haraka. Kipaza alikuwa na jibu tayari, lenye vipengele. Hakuna aliyemgeukia. Akakohoa. Binti mmoja akampa maji.

Simu yake ikaita. Alishukuru moyoni, akatoka nje kuipokea, akaongea kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyohitajika kuhusu kongamano la jimbo na upana wa bango. Alikuwa bado anaongea aliposikia nyuma yake saluni nzima ikiangua kicheko, kicheko kirefu cha watu wanaofahamiana.

Shingo ikamwaka moto. Akakata simu, akarudi mlangoni, amekunja uso, tayari kuwauliza kinachochekesha ni nini.

Mrefu alikuwa anasimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyokula gongo lake la kwanza la mbao. Watu walikuwa wanajifuta machozi. Ile nusu ya benchi alipokuwa amekaa Kipaza ilishachukuliwa na mtu mwingine, na hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa na mwenyewe.